Upepo Ulioanza Kusi

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, nyumbani kwetu mjini Unguja hakulala mtu. Boti za Dar es Salaam zilikuwa zimesimamishwa, wavuvi wameambiwa wasitoke, na kila baada ya muda redio ilikitaja kimbunga kiitwacho Hidaya. Hidaya maana yake zawadi. Sijui nani huwapa vimbunga majina kama ya mabibi harusi. Mama alimtoa Bibi chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama mwembe wa jirani, akamlaza ukumbini juu ya godoro. Bibi ana miaka tisini na kitu. Sikio la kushoto halisikii vizuri, lakini upepo aliusikia.

"Unatoka wapi?" akauliza.

Nikamwambia unatoka baharini, upande wa Mafia.

"Sikuulizi hivyo, mwanangu. Ni kusi au kaskazi?"

Sikujua. Mimi ni mwalimu wa historia, nina simu inayonionyesha picha zilizopigwa kutoka angani, na sikujua upepo unaotikisa mabati ya nyumba yetu unatokea upande gani. Bibi akageuza uso ukutani. Kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana, akasema kwamba ule wa kwanza ulianza kusi, ukanyamaza, kisha ukageuka. "Uliponyamaza watu wakatoka nje kutazama. Ulipogeuka ukawakuta nje."

"Ule wa kwanza" wa Bibi ni wa Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872. Yeye hajui tarehe hiyo. Katika familia yetu unaitwa upepo basi, bila jina jingine, na tangu utotoni nimesikia mambo yakipangwa kabla yake na baada yake. Baadaye niliusoma vitabuni, nikawafundisha watoto wa kidato cha tatu kwa dakika tano hivi, kati ya Seyyid Said na mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Sikuwahi kuuunganisha upepo wa kitabuni na ule wa Bibi. Ilinibidi ningoje Hidaya.

Aprili ni mwezi wa pepo kupokezana zamu. Kaskazi, iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, inakuwa imekwisha nguvu, na kusi itakayoyarudisha kwao inaanza. Ndiyo maana mwezi huo bandari ya Unguja ya zamani ilijaa vyombo vinavyopakia na vinavyongoja. Wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kuogopa kimbunga. Unguja iko kama nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo ukawa pia. Vimbunga vya bahari yetu kwa kawaida huzaliwa mbali zaidi kusini, vikaenda kuisumbua Morisi, Madagaska na Msumbiji. Manahodha waliijua bandari ya Unguja kuwa mahali pa kukimbilia.

Kimbunga kile kilitoka mashariki, kikapita juu ya mji wenyewe. Yeyote aliyewahi kuchora mishale ya kimbunga cha kusini mwa ikweta atakuambia kitakachotokea: kikiwa kinakuja, upepo unapiga kutoka kusini, jicho lake likiwa juu yako, kunatulia, hata unaweza kudhani yamekwisha, likishapita, upepo unarudi kutoka kaskazini. Bibi hakuwahi kuona mchoro huo, na alivyosimulia ndivyo ulivyo. Bandari yenyewe iko upande wa magharibi wa mji na imefunguka kuelekea kaskazini. Vyombo vilivyosalimika kwa upepo wa kwanza, vikiwa vimeburura nanga zao huku na huku, vilikuwa vimekaa mahali pabaya kabisa kwa upepo wa pili.

Barghash bin Said alikuwa na mwaka mmoja na nusu katika kiti cha usultani. Merikebu zake zilizama au zilitupwa pwani, na kwa siku moja akabaki mtawala wa dola ya pwani asiye na jeshi la majini. Majahazi yalivunjikia ufukweni. Nyumba za mawe na chokaa ziling'olewa mapaa, na vibanda vya miti na makuti vya ng'ambo ya hori, walikoishi watu wa kawaida na watumwa wa mjini, ndivyo vilivyokuwa vyepesi kuliko vyote. Bara nako uliingia. Bagamoyo, majengo ya misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwa na miaka minne tu tangu ianzishwe, yalibomoka. Henry Stanley, akirudi pwani baada ya kumkuta Livingstone kule Ujiji, alikuta hata Simbamwenni, mji wenye ngome ulipo Morogoro ya leo, mto umefurika na kuchukua ukuta wake pamoja na nyumba kadhaa. Aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, majuma matatu baada ya upepo.

Lakini kilichobadilisha historia hakikuwa bandarini. Kilikuwa mashambani, nyuma ya mji.

John Kirk, aliyekuwa akishikilia ubalozi wa Uingereza, alikuwa daktari na pia mtaalamu wa mimea; ndiye aliyefuatana na Livingstone miaka ya nyuma katika safari ya Zambezi. Namfikiria mtu wa namna hiyo akitembea nje ya mji baada ya kimbunga. Vitabu vingi vinakadiria kwamba Unguja ilipoteza theluthi mbili ya mikarafuu na minazi yake. Mnazi unajua kuinama. Mkarafuu haujui: ni mti mrefu, wenye majani mengi yanayoshika upepo, na mashamba mengi yalikuwa yamepandwa kwa safu, mti karibu na mti. Ukianguka mmoja unalalia mwenzake.

Mkarafuu si mti wa kwetu kwa asili. Kwao ni visiwa vya Maluku, mbali huko mashariki, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa walivyovishika Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Seyyid Said, baba yake Barghash, aliupenda kwa sababu ulilipa. Miaka arobaini baadaye ulikuwa umelipa kupita kiasi, yaani karafuu zilikuwa nyingi mno na bei imeshuka, na wenye mashamba wengi walikuwa na madeni kwa matajiri wa Kihindi waliowakopesha kwa kuweka mashamba rehani. Sasa fikiri. Mti uliokuwa umejaa kupita haja, ukatoweka theluthi mbili kwa siku moja. Na mche mpya wa mkarafuu unataka miaka sita, saba, hata minane kabla ya kukupa cha kuuza, na zaidi ya hapo kabla haujafikia nguvu zake. Bei ikapanda. Aliyebaki na mikarafuu iliyosimama akawa tajiri.

Iliyosimama ilikuwa Pemba. Kimbunga kilipita kusini mwake, na mikarafuu yake mingi ikanusurika.

Kabla ya upepo, Pemba ilijulikana zaidi kwa mpunga na ng'ombe. Karafuu zilikuwepo, ila si kwa wingi wa Unguja. Baada ya upepo, watu wenye mtaji wakavuka kwenda Pemba kutafuta ardhi, na Wapemba wenyewe wenye nafasi wakapanda. Katika miaka michache mizani ikageuka, na haijarudi tena: hadi leo ukisema karafuu za Zanzibar, nyingi kabisa ni za Pemba. Watalii wanaopelekwa kwenye mashamba ya viungo ya Unguja hawaambiwi hilo, au wanaambiwa upesi upesi wakielekea kwenye mdalasini.

Sasa, karafuu hazijichumi. Nimechuma nikiwa mtoto, likizo za shule, kule kwetu nje kidogo ya Wete, kwa hiyo hili sikulisoma. Tumba la karafuu lazima lichumwe kabla halijafunguka kuwa ua. Likifunguka thamani yake imekwenda. Miti yote ya shamba haiivi siku moja, hata matawi ya mti mmoja hayaivi siku moja, kwa hiyo unarudi mti uleule mara mbili, mara tatu. Unapanda, unavuta tawi kwa kamba au kwa upembo, unavunja shada kwa mkono, kwa upole, kwani tawi la mkarafuu linakatika bila kulia. Watu wamekufa hivyo. Jioni mnakaa kuchambua, matumba huku na makonyo kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na harufu inaingia kwenye wali mnaokula. Asubuhi mnaanika kwenye majamvi, na wingu likitokea mnakimbia kuanua. Yote haya yanataka mikono, mikono mingi, na inatakiwa leo, si wiki ijayo.

Mwaka 1872 mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Na hapa ndipo historia ninayofundisha inapokuwa na aibu kidogo. Kitabu kinasema: Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja na ujumbe wa Uingereza kumtaka Sultani aikomeshe biashara ya watumwa baharini. Barghash akakataa. Moja ya hoja zake ilikuwa upepo: mashamba yameharibiwa, watu wamefilisika, na sasa mnataka kutunyima watu wa kuyapanda upya. Frere akaondoka mikono mitupu. Miezi michache baadaye Kirk akapewa amri kutoka London ya kutishia kuuzingira mji kwa manowari, na mtawala ambaye merikebu zake zilikuwa chini ya maji hakuwa na la kufanya. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini. Soko la Mkunazini likafungwa, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana mahali hapo. Wanafunzi wangu hulipenda sehemu hii kwa sababu ina mwisho mzuri.

Hauishi hapo. Mkataba ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Haukumwacha huru hata mmoja aliyekuwa tayari shambani. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi 1897. Na wakati huohuo upepo ulikuwa umeifanya Pemba iwe na kiu ya watu kuliko wakati wowote. Mikataba haifuti kiu. Mkondo wa Pemba, kutoka Pangani au Tanga, ni kilomita hamsini hivi mahali pembamba. Chombo kidogo chenye upepo mzuri kinavuka kwa usiku mmoja. Watu waliteremshwa kwa miguu kando ya pwani badala ya baharini, mpaka Barghash alipotoa matangazo ya 1876 kuikataza misafara hiyo pia, kisha usiku wakavushwa. Waingereza waliiegesha manowari kuukuu, London, katika bandari ya Unguja kwa karibu miaka kumi ili mashua zake ziwinde madau hayo. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akijaribu kukipekua chombo kimoja. Miaka tisa na miezi minane baada ya upepo, biashara ya kwenda Pemba ilikuwa bado na thamani ya kumwulia mtu.

Nirudi kwa Bibi.

Sentensi aliyokuwa akitusimulia tangu tukiwa watoto ni hii: "Upepo ulipovunja mikarafuu ya Unguja, ndipo bibi yangu akaletwa Pemba." Tulikuwa tukiisikia kama mnavyosikia babu yenu alivyohamia mjini. Kichwani mwangu nilimwona msichana mdogo wa Unguja, nyumba yao imebomolewa na kimbunga, wazazi wake wanajipakia kwenye jahazi kwenda kuanza maisha upya Wete. Niliwahi hata kuandika hivyo katika insha ya shule, nikapata alama nzuri. Katika insha niliandika "alihamia". Mwalimu hakuwa na la kusahihisha.

Bibi hakuwahi kusema alihamia, wala alikuja. Alisema aliletwa. Nilikuwa nimelisikia neno hilo miaka arobaini, na ni usiku ule wa Hidaya, nikiwa nimekaa sakafuni karibu na godoro lake, taa ya kandili inapepesuka kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, ndipo nilipolisikia kweli. Alikuwa ameisema tena sentensi ileile. Nikauliza, "Alipoletwa, huo upepo aliuona?"

"Atauonaje? Alikuwa bara."

"Bara wapi?"

"Bara." Akanyamaza. "Hakupajua jina. Alikuwa mtoto. Upepo alihadithiwa na watu wa shamba, waliotolewa Unguja."

Wazee wetu hawalitumii neno mtumwa kwa mtu wa nyumba yao. Kumwuliza mtu wa Pemba asili ya bibi yake ni utovu wa adabu, na kuna ndoa zilizovunjika kwa swali hilo. Kwa hiyo lugha ikatafuta njia. Mtu "aliletwa". Mtu "alilelewa kwa fulani". Mtu ni "wa shamba la fulani". Nani aliyemleta, sentensi haitaji. Kitenzi kina mtendwa, hakina mtenda. Nimewafundisha watoto wa watu kauli ya kutendwa, siku ambazo mwalimu wa Kiswahili hayupo, bila kujua kwamba nyumbani kwetu ndimo ilimofanya kazi hiyo.

Mama alinitazama ili ninyamaze. Sikunyamaza. Nikamwuliza Bibi kama bibi yake aliwahi kumwambia chochote kuhusu safari.

Alikaa kimya kwa muda mrefu hata nikadhani amelala. Upepo ulikuwa umeanza kuvuta mabati ya jikoni. Kisha akasema kwamba ilikuwa usiku, walilazwa chini ya dau wakafunikwa majamvi, na mtu mmoja aliwapa watoto vipande vya muwa watafune wasilie. "Alisema ulikuwa muwa mtamu." Basi. Bibi yake alifariki Bibi akiwa msichana wa miaka kumi na tatu hivi, na katika miaka yote hiyo alichomwachia kuhusu safari ile ni giza, jamvi na muwa.

Nikahesabu. Mwanamke aliyefariki mzee katikati ya miaka ya 1940, aliyeletwa akiwa bado wa kunyamazishwa kwa muwa. Inaangukia katika miaka ya 1870, kokote utakakoiweka. Yaani baada ya mkataba, na baada ya jiwe la msingi la kanisa. Kwa sheria, yeye hakupaswa kuwa ndani ya dau lile, na kwa hiyo hakuna karatasi aliyoandikwa. Waliokamatwa njiani na mashua za Waingereza walihesabiwa na kuandikwa. Waliofika walikotakiwa hawakuandikwa na mtu.

Nimesoma tena masimulizi ya upepo wa 1872 tangu usiku ule, yote niliyoweza kuyapata. Hesabu ni ya miti na ya vyombo, na hasara imekadiriwa kwa fedha. Silaumu sana, mtu huhesabu kile anachokidai. Hata Barghash alipopata nguvu tena alianza na alichopoteza: akaagiza Uskoti merikebu mpya, Glasgow, iliyozinduliwa 1878 kufidia zile zilizozama. Nayo ikazamishwa na Waingereza bandarini palepale tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja, milingoti yake ikabaki kuchomoza juu ya maji kwa miaka. Picha yake iko kwenye vitabu vingi. Huwa nawaonyesha wanafunzi.

Karibu na alfajiri mvua ilizidi na upepo ukapungua. Hidaya ilielekea Mafia ikiwa imeishiwa nguvu. Lindi, waliopigwa na kimbunga cha kweli mwaka 1952, wangesema hatukuona kitu. Mwembe wa jirani ulikuwa umesimama. Asubuhi mtandao uliporudi, Mama alimpigia kaka yake aliyeko Wete, anayetutunzia shamba. Ni eka tatu, tulizogaiwa baada ya Mapinduzi, na zimekatwa kutoka shamba lilelile ambalo bibi yake Bibi alilitumikia. Wajukuu wa mwenye shamba ni majirani zetu hadi leo. Tumezikana, tumeoana. Hatujawahi kuzungumza jambo hili.

Mjomba alisema huko kulikuwa na upepo wa kawaida tu, tawi moja la mkarafuu limekatika. Mama akaweka simu kwenye spika ili Bibi asikie.

"La mti upi?" Bibi akauliza.

Mjomba hakufahamu swali. Bibi akarudia kwa sauti: upi, wa kisimani au wa juu?

"Wa juu, mama. Ule tulioupanda sisi."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaomba arudishwe chumbani kwake, na uji usiwe na sukari nyingi.